Kufufua Trekta Kongwe la Bustani: Kipimo Kwanza, Spana Baadaye

Mwaka 1961 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilitia sokoni trekta dogo lililopakwa rangi ya njano na nyeupe, nalo likaitwa Cub Cadet. Trekta hilo halikukusudiwa kulima mashamba makubwa ya ngano au mahindi. Lilikusudiwa kumtumikia mwenye nyumba aliyekuwa na kiwanja kikubwa pembezoni mwa mji: kumkatia majani, kumlimia bustani ya mboga, kumvutia tela la kuni, na wakati wa baridi kumsukumia theluji iliyoziba njia. Vyombo vya aina hiyo hujulikana huko kuwa ni matrekta ya bustani. Wheel Horse ya South Bend, Indiana, ilikuwa katika biashara hiyo tangu miaka ya 1940, na John Deere iliingia mwaka 1963 kwa trekta lake namba 110.

Yako matrekta ya aina hiyo ambayo yamepita miaka 60 na bado yanafanya kazi. Mengine yamelala mabandani, pistoni zimeganda, matairi yamepasuka, na panya wamejenga matundu chini ya mabati ya injini. Wamarekani wengi, wakiwamo wanafunzi wa shule za ufundi na wahandisi waliostaafu, hutumia miezi ya baridi kuyafufua. Wengine huridhika kuyarudisha katika hali yaliyokuwa nayo yalipotoka kiwandani. Wengine hutaka kuyaboresha, na hapo ndipo hesabu inapohitajika, maana si kila kinachoitwa maboresho huliboresha trekta.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda asikutane na Cub Cadet maisha yake yote. Lakini pawateila, pampu ya umwagiliaji na mashine ya kusaga nafaka vina injini ndogo zinazofuata kanuni zile zile, na fundi wa Gerezani au wa Gikomba hataona ugeni katika mambo yatakayoelezwa hapa.

MASHINE YENYEWE

Sababu kubwa ya maisha marefu ya Cub Cadet ni asili yake. Waundaji wake hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua sanduku la gia lililotokana na lile la Farmall Cub, trekta dogo la shamba ambalo kampuni hiyo ilikuwa ikilitengeneza tangu mwaka 1947, wakaliweka chini ya kiti cha mwenye bustani. Sanduku hilo ni la chuma cha kusubu, lina gia tatu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, na kwa kazi ya bustani lina nguvu kupita mahitaji. Trekta la kwanza lilipeleka nguvu kutoka kwenye injini kwa mkanda. Mwaka 1963 yalifuata matrekta namba 70 na namba 100, ambayo mkanda huo uliondolewa na mahali pake ukawekwa mhimili wa chuma kutoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye gia.

Injini zilitoka kampuni ya Kohler ya Wisconsin, ambayo watu wengi huijua zaidi kwa mabafu na masinki yake. Injini ya trekta namba 100, iitwayo K241, ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 82.55, na pistoni yake husafiri milimita 73 kutoka chini hadi juu. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 391, na nguvu yake ni nguvu-farasi 10. Valvu zimesimama kando ya silinda wala hazikukaa juu yake. Injini hupozwa kwa hewa inayosukumwa na mapezi ya flaiwili. Haina pampu ya mafuta: chini ya konrodi kuna kijiti kinachochota mafuta katika kila mzunguko na kuyarusha huku na huku. Konrodi yenyewe ni ya alumini, na inazunguka juu ya krankishafti bila beringi yoyote kati yao.

Jambo hilo la mwisho lafaa kukumbukwa, kwa kuwa hapo ndipo injini hizo hufia. Kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana, huzuia injini isizidi mizunguko 3,600 kwa dakika, yaani 60 kwa sekunde. Katika kila mzunguko pistoni hupanda na kushuka, na kila inapofika juu hulazimika kusimama na kugeuka. Mwanafunzi anaweza kukadiria ukali wa kitendo hicho. Nusu ya safari ya pistoni ni mita 0.0365. Ikizidishwa kwa mraba wa mwendo wa kuzunguka, ambao ni radiani 377 kwa sekunde, hupatikana mchapuko unaozidi mita 5,000 kwa sekunde kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 500 ya mchapuko wa kitu kinachoanguka. Kwa maneno mengine, kila gramu 100 za pistoni huivuta konrodi kana kwamba ni mzigo wa kilo 50. Tena mwendo umo katika mraba. Kijana akifunga gavana kwa waya ili trekta likimbie, na injini ikafika mizunguko 5,000, kani hiyo hukaribia kuwa maradufu. Konrodi ya alumini yenye umri wa miaka 60 haina sababu ya kuvumilia hayo, na ikikatika hutoboa ukuta wa bloku. Bloku iliyotobolewa aghalabu haifai tena isipokuwa kwa kuyeyushwa.

UKAGUZI KABLA YA KUFUNGUA

Mwenye trekta kongwe hushawishika kuanza kufungua nati siku ile ile ya kwanza. Ni heri aanze kwa kukagua. Kwanza huondoa mabati yanayoelekeza upepo kwenye silinda, na aghalabu hapo huliona tundu la panya lililoziba mapezi ya kupozea. Injini nyingi za namna hii zimeuawa na panya kuliko kazi.

Kisha mgandamizo wa silinda hupimwa, na hapa ipo hila moja. Injini nyingi za Kohler zina kifaa kwenye kemshafti ambacho huiacha valvu ya moshi wazi kidogo wakati injini inazunguka polepole, ili iwe nyepesi kuwasha. Kwa hiyo mtu anayechomeka geji ya kawaida na kuzungusha injini kwa stata atasoma namba ndogo, na huenda akaihukumu injini nzima kuwa ni mbovu. Njia iliyo bora ni kuisimamisha pistoni juu kabisa katika hatua ya mgandamizo, kuishika flaiwili isizunguke, na kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Hewa itavuja mahali fulani, na masikio yataeleza ni wapi. Mlio ukisikika kwenye bomba la moshi, valvu ya moshi haikai vizuri. Ukisikika kwenye kabureta, lawama ni ya valvu ya kuingizia. Ukisikika mahali pa kujazia mafuta, ringi za pistoni zimekwisha au silinda imelika.

Mafuta ya gia nayo husema. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na trekta huenda lililala nje miaka mingi.

Pistoni iliyoganda ni kipimo cha subira. Mafuta mepesi ya kupenya humiminwa kwenye silinda, nayo hujipenyeza polepole kati ya chuma na kutu kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi. Wafufuaji wengi huchanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu. Asetoni huwa nyepesi mno na hupenya haraka, lakini pia hushika moto upesi, kwa hiyo kazi hiyo ni ya nje, mbali na sigara na cheche. Mchanganyiko huachwa siku kadhaa, ndipo pistoni hugongwa taratibu kwa kipande cha mti mgumu. Anayetumia nyundo ya chuma siku ya kwanza huokoa wiki moja na kupoteza pistoni.

KUTU NA MAGADI

Kwa vipande vya chuma vilivyoshikwa na kutu, iko njia ambayo kila maabara ya kidato cha tatu inaweza kuionyesha. Ndoo ya plastiki hujazwa maji yaliyoyeyushiwa sodiamu kaboneti, vijiko viwili vitatu kwa ndoo. Kipande chenye kutu huning'inizwa ndani yake na kuunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri ya volti 12. Kipande kingine cha chuma kisicho na thamani huunganishwa na ncha chanya, bila vipande hivyo viwili kugusana. Umeme unapopita, viputo vya hidrojeni hutokea juu ya uso wa kipande chenye kutu na kuibandua, na sehemu ya kutu nyekundu hubadilika kuwa oksidi nyeusi inayofutika kwa brashi. Chuma kizima chini yake hakiliwi, na huo ndio ubora wa njia hii kuliko asidi. Lakini mwenye kubadilisha ncha atakikuta kipande chake kizuri kimeliwa, na kile kibovu kimesafishwa.

Magadi yatokayo katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Magadi la Kenya, yana sodiamu kaboneti kwa wingi. Hata hivyo magadi ghafi ya sokoni huwa na chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi hiyo inaweza kutoa klorini kwenye ncha chanya. Soda iliyosafishwa ni salama zaidi. Yako makatazo mengine matatu yasiyo na mjadala. Hidrojeni na oksijeni zikichanganyika hulipuka, kwa hiyo kazi hufanywa mahali penye hewa, na chaja huzimwa kabla ya kugusa nyaya. Ncha chanya isiwe chuma cha pua, kwani kromiamu iliyomo huweza kuingia katika maji kwa namna iliyo sumu. Na alumini isitiwe humo kamwe: maji ya magadi huila. Kabureta na konrodi husafishwa kwa njia nyingine.

CHUMA KISICHORUDI

Sasa yaja maikromita. Silinda inayoonekana kwa macho kuwa ni duara kamili aghalabu si duara. Imelika zaidi juu, mahali ringi zinapogeukia, na imelika zaidi upande ambao pistoni inasukumwa kuliko upande wa pili. Kwa hiyo hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili kwa pembe ya mraba, ndipo vipimo hivyo sita hulinganishwa na jedwali la mtengenezaji. Vipimo vikikubali, hutiwa ringi mpya tu. Visipokubali, silinda hupelekwa kwenye mashine kupanuliwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi.

Kohler iliuza pistoni za ovasaizi tatu: inchi 0.010, 0.020 na 0.030 zaidi ya kipimo cha asili, yaani takriban milimita 0.25, 0.51 na 0.76. Maana yake ni kwamba bloku ina maisha matatu baada ya lile la kwanza. Fundi anayeichonga hadi ovasaizi ya tatu pale ambapo ya kwanza ingetosha amekula maisha mawili ambayo hayakuwa yake. Uzalishaji wa injini za K ulikwisha zamani, na biashara yenyewe ya Cub Cadet iliuzwa kwa kampuni ya MTD mwaka 1981. Bloku zilizopo ndizo zilizobaki. Iko njia ya kutia silinda ya ndani, yaani slivu, lakini gharama yake mara nyingi hupita bei ya trekta.

Kosa la pili ni la upande wa pili: kubana mno. Fundi asiyezoea injini za kupozwa kwa hewa hupenda pistoni ikae barabara, bila kucheza, na anapoona nafasi kati yake na silinda hudhani kazi imeharibika. Nafasi hiyo ni ya lazima. Alumini hutanuka takriban sehemu 23 katika milioni kwa kila digrii moja ya joto; chuma cha kusubu hutanuka sehemu 11. Joto likipanda digrii 100, pistoni yenye kipenyo cha milimita 82.5 huongezeka milimita 0.19, ambapo silinda huongezeka milimita 0.09 tu. Nafasi imepungua kwa milimita 0.10, na kwa kweli pistoni huwa na joto zaidi kuliko silinda, hivyo hupungua zaidi ya hapo. Pistoni iliyobana ikiwa baridi huganda dakika chache baada ya kuanza kazi, na inapoganda huikwaruza silinda. Ovasaizi nyingine imekwenda.

Konrodi hupimwa hali kadhalika, pamoja na sehemu ya krankishafti inayoishika. Injini kubwa za K zina pia gia mbili za mizani zilizowekwa ili kupunguza mtikisiko. Gia hizo hukaa juu ya vijiti vyembamba vinavyolika, na kijiti kikikatika gia huanguka kati ya krankishafti na ukuta wa bloku, na mwisho wake si mgumu kuukisia. Wafufuaji wengi huzitoa na kuvumilia mtikisiko kidogo. Ni uamuzi mzuri. Ni nadra sana kwa mashine kuboreshwa kwa kutolewa kitu.

CHECHE

Katika injini hizi cheche huzalishwa kwa pointi zinazosukumwa na kijiti kutoka kwenye kemshafti. Pointi zinapofunguka, umeme katika koili hukatika ghafla, na kukatika huko ndiko kunakozaa volti maelfu kwenye plagi. Nafasi ya pointi ni inchi 0.020, yaani nusu milimita, na cheche hutakiwa kutokea digrii 20 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa mizunguko 3,600, digrii 20 hupita katika muda usiofika elfu moja ya sekunde. Ndio maana pointi zilizofunguka kidogo mno au kupita kiasi huharibu kazi nzima: nafasi ikibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika.

Siku hizi viko vifaa vya kielektroniki vinavyochukua nafasi ya pointi, navyo ni vizuri maadamu ni vizima. Wafufuaji hubishana sana juu yake. Pointi zikichafuka bustanini, husafishwa kwa kipande cha msasa laini na kupimwa kwa filageji, na kazi huendelea. Kifaa cha kielektroniki kikifa, kimekufa. Kwa mtu aliye mbali na duka, pointi na kondensa ya akiba mfukoni vina faida kubwa kuliko usasa.

Umeme wenyewe hutoka kwenye mashine moja ya Delco-Remy ambayo ni stata na jenereta kwa pamoja. Wakati wa kuwasha, betri huizungusha nayo huivuta injini kwa mkanda. Injini ikishawaka, mkanda ule ule huizungusha nayo huijaza betri. Mwalimu anayetaka kuonyesha kwamba mota na jenereta ni kitu kimoja hatapata mfano ulio bora zaidi. Baada ya kulala miaka mingi, mashine hiyo yaweza kupoteza usumaku mdogo unaobaki katika chuma chake, ikazunguka bila kutoa umeme. Tiba yake ni kuigusisha na betri kwa nukta moja, kwa njia iliyoelezwa na mtengenezaji, ili usumaku urudi na uelekeo uwe sahihi. Wako waliotupa jenereta nzima kwa kutojua hilo.

Uboreshaji unaostahili kusifiwa hapa ni taa. Taa mbili za zamani za wati 35 kila moja huvuta karibu ampea 6 kutoka kwenye mfumo wa volti 12, nao ni mzigo mkubwa kwa jenereta ndogo. Taa za LED hutoa mwanga huo huo kwa sehemu ndogo tu ya umeme huo.

SWALI LA INJINI KUBWA

Maboresho yanayotamaniwa kuliko yote ni kuitoa injini ya nguvu-farasi 10 na kutia ya silinda mbili yenye nguvu-farasi 20. Trekta huonekana la maana, hunguruma vizuri, na jirani huja kutazama. Lakini je, litavuta zaidi?

Chukua mfano wa trekta ambalo magurudumu yake ya nyuma yamebeba kilo 200, juu ya ardhi kavu ambapo kizigeu cha msuguano ni 0.6. Kani kubwa kabisa ambayo matairi yanaweza kuisukuma ardhi kabla ya kuteleza ni 200 mara 9.8 mara 0.6, yaani karibu niutoni 1,180. Trekta likienda mwendo wa mtu anayetembea polepole, mita moja kwa sekunde, nguvu inayotumika kuvuta ni wati 1,180. Hizo hazifiki nguvu-farasi 2. Hata ukiongeza upotevu wa gia na upinzani wa udongo, injini ya nguvu-farasi 10 tayari ina akiba kubwa. Injini ya 20 itayafanya matairi yatelezе kwa kelele zaidi tu.

Kinachopungua ni uzito wala si nguvu. Vipande vya chuma vya kilo 40 vikifungwa kwenye kila gurudumu la nyuma, mzigo huwa kilo 280 na kani ya kuvuta hupanda hadi niutoni 1,646, nyongeza ya asilimia 40, bila kuigusa injini. Wengine hujaza matairi maji. Kaskazini mwa Marekani maji huganda, kwa hiyo huchanganywa na kalisi kloraidi, ambayo baadaye hula rimu. Mahali pasipo na barafu maji matupu yanatosha. Ni kweli kwamba mashine ya kukata majani na jembe la kuzunguka hula nguvu nyingi, na kwa kazi hizo injini kubwa ina hoja. Kwa kuvuta haina.

Tena ina madhara. Kani ya kuzungusha hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa mwendo wa kuzunguka: wati 7,460 kwa radiani 377 ni niutoni-mita 20 hivi. Nguvu ikiwa maradufu, na kani hiyo huwa maradufu. Mhimili wa Cub Cadet umeunganishwa kwa pini nyembamba za chuma zilizokunjwa kama karatasi. Pini hizo hukatika chini ya mzigo mkali, nazo ni za bei ndogo. Mwenye injini mpya huchoshwa na kukatika kwake, akatia boliti ngumu, na tangu siku hiyo kinachokatika ni kitu kingine, kilicho ghali zaidi. Pini ilikuwa fyuzi.

Lililo kubwa kuliko yote ni usalama wa anayeendesha. Magurudumu ya nyuma yakinasa na kani ya kuzungusha ikaendelea, kilicho huru kuzunguka ni trekta lenyewe: mbele hunyanyuka na chombo humpindukia dereva nyuma. Hatari huongezeka mnyororo ukifungwa juu ya ekseli badala ya kufungwa chini kwenye ndoano yake. Matrekta haya hayakutengenezwa na fremu ya kumkinga dereva, na breki zake zilipimwa kwa nguvu ile ya asili. Anayetaka kutumia fedha kwa ajili ya maboresho angeanza na swichi ndogo chini ya kiti, inayokata umeme wa koili dereva anapoondoka. Bei yake ni ndogo na kisu cha kukata majani hakibaguo mguu wa nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ilianza kutengeneza trekta la bustani la umeme, Elec-Trak, lililotumia betri za risasi za jumla ya volti 36. Wanaoyafufua leo mara nyingi hutia betri za lithiamu, zilizo nyepesi zaidi kwa kiasi kikubwa. Kisha hushangaa kwamba trekta linateleza. Betri zile nzito zilikuwa zikifanya kazi mbili, na moja haikuandikwa katika kitabu.

MAMBO MADOGO YENYE HATARI

Rangi ndiyo inayopigwa picha, lakini ni kazi ya mwisho na haihitaji maelezo marefu. Inatosha kusema kwamba rangi za miaka ya 1960 zaweza kuwa na risasi, na vitambaa vya klachi, breki na baadhi ya gasketi za wakati huo vilikuwa na asbesto. Vitu hivyo havisuguliwi vikiwa vikavu wala kupulizwa kwa hewa ya kompresa. Hulowanishwa kwanza, na anayefanya kazi huvaa kifuniko cha pua na mdomo kinachofaa kwa vumbi la namna hiyo.

Mipira ya petroli nayo hubadilishwa yote, hata ile inayoonekana nzima. Petroli ya Marekani ya leo kwa kawaida huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hulainisha mipira ya zamani na kuvuta maji kutoka hewani. Trekta litakalolala miezi kadhaa humwagwa petroli yote hadi kabureta ikauke.

Pini inayobeba ekseli ya mbele huangaliwa pia. Miaka mingi ya kuyumba huligeuza tundu lake kuwa na umbo la yai, na usukani hucheza. Tundu hupanuliwa na kutiwa bushi.

Siku ya kuwasha, injini hujazwa mafuta yaliyoainishwa na mtengenezaji na kuzungushwa kwa mkono mara kadhaa plagi ikiwa nje, ili kijiti cha konrodi kirushe mafuta kabla ya moto wa kwanza. Huachwa iungurume dakika chache, kisha huzimwa ipoe, na boliti za kichwa cha silinda hukazwa tena kwa kipimo na kwa mpangilio wa kitabu. Kazi ya saa tano za mwanzo huwa nyepesi. Baada ya saa hizo mafuta humwagwa katika chombo cheupe na kutazamwa juani. Weusi si neno, na unga mwembamba wa ringi mpya ni wa kutarajiwa. Zikionekana chembe zinazong'aa za alumini, trekta halirudi bustanini: kifuniko cha chini hufunguliwa, na maikromita hurudi kwenye konrodi.